Modi ya kuvuta kwenye pikapu: inakula dizeli au inaokoa? (Malindi–Mombasa na trela ya boti)

#1 Kusi_na_Kaskazi

Salaam wanajamvi. Nina swali kwa wanaovuta mizigo ukanda huu wetu. Pikapu ni Ford Ranger 2.0 ya turbo mbili, otomatiki ya gia 10, na modi ya TOW/HAUL ipo. Trela ni ya ekseli moja, juu yake boti ya faiba ya mita 6 pamoja na injini yake, jumla kilo 1,600 kwa mizani. Njia ni Malindi hadi Mtwapa kwa matengenezo ya boti, kisha kurudi. Siku nyingine gari linazunguka tupu hapa mjini na Watamu.

Dereva mmoja anashikilia kwamba modi hiyo inakunywa dizeli kwa sababu mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unakaa juu, kwa hivyo huizima hata trela ikiwa nyuma. Mwenzake huiacha imewaka mwaka mzima. Nani yuko sawa?

#2 FundiGia_Shela

Wote wawili wamekosea, ila anayeizima akiwa na trela ndiye atakayepata bili kubwa, na bili yenyewe haitatoka kwenye pampu ya mafuta, itatoka kwenye giaboksi.

Kitufe hicho hakiongezi nguvu ya injini hata kidogo. Kinachobadilika ni ratiba ya gia. Katika modi ya kawaida kompyuta imepangwa kupandisha gia mapema iwezekanavyo ili injini ikae 1,500 au 1,600 hivi, kwa sababu gari tupu halihitaji zaidi. Ukiwasha modi ya kuvuta, gia inachelewa kupanda. Ikishapanda, haipandi na kushuka ovyo. Kompyuta inasubiri mpaka ione gia ya juu itaubeba mzigo. Klachi iliyo ndani ya toki konveta inafungwa mapema na kukaa imefungwa. Na kwenye mteremko, ukiachia mafuta na kugusa breki, giaboksi inashusha gia yenyewe ili injini ilishike gari.

Hiyo klachi ya konveta ndiyo watu hawaizungumzii. Konveta ni ule mviringo uliojaa mafuta kati ya injini na giaboksi: injini inasukuma mafuta, mafuta yanasukuma gia. Klachi ikiwa wazi, upande wa injini unazunguka kasi kuliko upande wa gia. Tuseme injini iko 2,200 na upande wa pili uko 2,000. Karibu asilimia 9 ya nguvu imeishia hapo, imekuwa joto. Kwenye mwinuko injini ikitoa kilowati 50, hizo ni kilowati 4 na nusu zinazochemsha mafuta ya giaboksi, kama birika mbili za umeme zilizoachwa zikitokota humo ndani. Dizeli yake umeilipia na haikukusogeza hata hatua.

Sasa ichukue Ranger hiyo bila modi, trela nyuma, mwendo 80, kipande cha Gede hadi Matsangoni chenye vijiinuko vidogo vidogo. Kompyuta inaona barabara karibu tambarare, inaweka gia ya 10. Mzigo unavuta nyuma, mwendo unaanguka, dereva anakanyaga, klachi ya konveta inafunguka, gia inashuka hadi ya 8, mwendo unarudi, inapanda ya 9, ya 10, kisha mchezo uleule upya. Injini hiyo hutoa toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 500 kati ya RPM 1,750 na 2,000. Chini ya hapo unaitaka ibebe tani 4, gari na trela pamoja, kabla haijafika kwenye nguvu yake.

Kuhusu mafuta: ukiwa na trela, barabara tambarare, mwendo uleule, tofauti kati ya kuwasha na kuzima ni ndogo, pengine hutaiona kwenye pampu. Gari likiwa tupu ni jambo jingine. Unailazimisha injini izunguke 2,000 kwa kazi ambayo ingeimaliza kwa 1,500, na msuguano wa pistoni, beringi na pampu unaulipia kila mzunguko. Hapo modi inakunywa kweli, na huyo anayeiacha imewaka mwaka mzima anatupa pesa mjini Malindi kila siku.

#3 Baharia_Mkavu

Fundi, wengine tunasoma tukiwa kiti cha abiria na mtandao wa kusuasua. Washa au zima?

#4 FundiGia_Shela

Trela ikikaribia tani moja, au nyuma ya pikapu kumejaa: washa. Trela nyepesi ya kibao au gari tupu: zima. Ukiona gia zinabadilika mara kwa mara bila wewe kubadilisha mguu, washa hata kama mzigo unaonekana mdogo.

#5 Mbishi_wa_Sabaki

Mimi bado sijashawishika. RPM ikipanda mafuta yanapanda, hata mtoto anajua. Halafu mnasifu eti inashusha gia kwenye mteremko: injini inalia 3,000 na gari linateremka lenyewe. Hiyo nayo si dizeli?

#6 Mwalimu_wa_Ganda

Bwana Mbishi, la pili ni zuri zaidi, naanza nalo. Injini za dizeli za siku hizi, ukiondoa mguu kabisa kwenye mafuta gari likiwa ndani ya gia, kompyuta inafunga sindano za mafuta. Haliingii hata tone. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Kwa hivyo hiyo 3,000 ya kuteremkia daraja la Kilifi ni ya bure, tena ni nafuu kuliko ya aliyetia N (gia huru) akidhani anaokoa. Huyo injini yake inahitaji dizeli ili isizime, na breki zake zinabeba tani 4 peke yake.

La kwanza: RPM pekee haisemi gari linakula kiasi gani. Kinachosema ni RPM pamoja na kiasi cha mafuta kinachoingia kila mzunguko. 2,000 kwa mguu mwepesi inaweza kula sawa na 1,600 kwa mguu uliozama. Fundi ameshaeleza ni wapi ya juu inapoteza (gari tupu) na wapi hailetei hasara (mzigo).

Lakini nyote mnapigania kitufe huku dizeli inamwagika kwingine. Chukua matuta. Gari na trela za tani 4 zikienda 80 zimebeba karibu megajuli 1 ya mwendo. Ukishuka hadi 20 kuvuka tuta, zaidi ya tisa ya kumi ya hiyo imekuwa joto la breki. Lita moja ya dizeli ina megajuli 36 hivi, na inayofika kwenye magurudumu ni kama theluthi, tuseme 11 na nusu. Kurudisha mwendo huo baada ya tuta moja ni karibu mililita 80. Matuta 12, lita imekwenda. Sasa kaa dirishani uhesabu matuta ya kuanzia Gede mpaka Kilifi, kisha ongeza ya Mtwapa.

Mahali matuta yanafuatana karibu karibu, usijitahidi kufika 80 katikati yake. Kwa 60, kila tuta linakula kama mililita 43, nusu ya bei. Na achia mafuta mapema, mita 200 kabla, bila kugusa breki. Katika modi ya kuvuta magari mengi hushusha gia pale tu mguu unapogusa breki, kwa hivyo ukiigusa mapema unaua mwendo ambao ungekufikisha kwenye tuta bure.

Upepo nao. Mvutano wa hewa unakua kwa mraba wa mwendo: kutoka 80 hadi 100 ni asilimia 56 zaidi. Juu yake tia kusi. Barabara yetu ya kwenda Mombasa inashuka kusini, ikielekea magharibi kidogo, na msimu wa kusi upepo unakuja usoni. Upepo wa kilomita 25 kwa saa ukikujia uso kwa uso ukiwa 80, gari linapambana na hewa ya 105, na mvutano umepanda asilimia 72. Ukirudi Malindi upepo uko mgongoni, unapambana na hewa ya 55, na mvutano haufiki hata nusu ya ule wa siku tulivu. Kaskazi ikiingia, mambo yanageuka. Upepo wa kweli hauji moja kwa moja hivyo, huja kwa pembe, lakini unaona ukubwa wa jambo lenyewe. Mtu anapima kwenda akiwa amezima modi, kurudi akiwa ameiwasha, anatangaza imeokoa robo ya tanki. Kilichookoa ni kusi.

#7 Kusi_na_Kaskazi

Hesabu ya matuta imeniuma. Basi mwendo gani ni mzuri na trela ya namna hii?

#8 Mwalimu_wa_Ganda

Kati ya 75 na 85, kaka, barabara ikiruhusu. Chini ya hapo unawatesa walio nyuma yako. Juu ya hapo hewa inakula haraka, na matairi ya trela yanapata moto. Usitumie krusi kontroli kwenye vijiinuko, maana inang'ang'ania namba uliyoipa na kukanyaga mafuta kwa pupa. Tumia mguu, kubali mwendo uanguke kilomita 5 au 8 ukipanda, uurudishe ukishuka.

#9 Chumvi_Gongoni

Sisi wa chumvi je? Hilux 2.4 otomatiki, dabo kebini, hakuna kitufe cha TOW popote. Kuna ECO na PWR, na kijiti cha gia kina S. Mzigo ni magunia ya kilo 50 kutoka Gongoni, trela hakuna. Jirani ana Land Cruiser 79 ya gia za mkono, injini 1HZ. Na yeye anauliza.

#10 FundiGia_Shela

PWR si modi ya kuvuta, watu wengi wanachanganya. Inabadilisha zaidi mwitikio wa mafuta: mguu kidogo unaleta nguvu nyingi. Haiishughulikii klachi ya konveta na mteremko kama TOW/HAUL inavyofanya. ECO ukiwa na mzigo iache kabisa. Inalegeza mwitikio wa mafuta, kinyume cha unachotaka, nawe utaishia kukanyaga zaidi kufidia.

Silaha yako ni S. Kwenye Toyota hizo namba inayotokea ukiwa S ni dari, haimaanishi gia uliyomo. S5 maana yake giaboksi inaruhusiwa kutumia ya 1 hadi ya 5, ya 6 imefungiwa. Injini yako, 2GD, hutoa Nm 400 kati ya 1,600 na 2,000, basi jiulize: kwa mwendo unaokwenda, gia ya 6 inaiweka injini wapi? Kama inaanguka chini ya 1,600 na gari limejaa, panga S5. Ukifika barabara nyoofu upepo ukiwa nyuma na gia imetulia, rudisha D. Kwenye vilima vya Mavueni–Kaloleni–Mazeras teremka na S4 au hata S3, usisubiri breki zinuke.

Wenye Hilux na Prado za zamani za gia nne, kile kitufe kidogo ubavuni mwa kijiti kinachowasha taa ya O/D OFF kinafanya kazi hiyohiyo: kinafunga gia ya juu. Kwa mzigo na mwinuko bonyeza. Kukisahau kimebonyezwa kwenye lami tupu ndiko kunakokula mafuta, na nusu ya wanaolalamika kwamba gari linakunywa taa hiyo inawaka mbele yao.

Wa 1HZ hana kompyuta ya kumlaumu. Toki ya injini hiyo iko kileleni karibu na 2,200. Akiwa na mzigo asiingize ya tano chini ya 80. Ukikanyaga mpaka chini na gari haliongezi mwendo, moshi mweusi unatoka nyuma, hiyo ni dizeli isiyoungua: shusha gia, na mguu utarudi juu wenyewe. Kwenye 1HZ isiyo na turbo moshi mweusi ni pesa inayoonekana kwa macho.

La magunia: 20 ni tani kamili. Dabo kebini nyingi hazifiki tani ukishahesabu dereva, abiria na keria, kwa hivyo soma kibandiko kabla hujapakia.

#11 Binti_Mambrui

Nisaidie kuongezea trela yenyewe, kwa sababu hakuna modi itakayoiokoa pikapu inayovuta trela iliyoshikwa na breki.

Trela za boti zinazama kwenye maji ya chumvi mara kwa mara. Zenye breki za kusukumana, zile ambazo trela ikisogea mbele inavuta waya na kufunga breki, waya unapata kutu ndani ya ala yake. Unavutika, haurudi. Laini zinabaki zimegusa dramu, na dereva haoni kitu, anaona tu gari limekuwa zito. Kipimo chake ni rahisi. Ondoa breki ya mkono ya trela, inua gurudumu moja kwa jeki, lizungushe kwa mkono. Linatakiwa lizunguke raundi kadhaa kwa msuguano mdogo. Likisimama ndani ya nusu raundi, limeshikwa. Legeza waya, upulizie mafuta ya kutu, ukikwama tena ubadilishe. Waya si ghali kuliko dizeli utakayoichoma.

Beringi: baada ya kilomita 15 hadi 20 za mwanzo simama mahali salama, gusa kila habu (kitovu cha gurudumu) kwa mgongo wa mkono. Zote mbili zinatakiwa ziwe na joto linalofanana. Moja ikiwa huwezi kuihimili hata sekunde chache, usiendelee. Habu ikifika ufukweni bado ina joto na ukaizamisha papo hapo, hewa ya ndani inapoa ghafla, inajikunyata, inavuta maji ya chumvi kupitia sili. Wiki chache baadaye beringi inaguguna. Subiri dakika 20 au 30 kabla ya kushusha boti, na ujaze grisi ya baharini, ile isiyokubali maji, si ya kawaida ya mikebe.

Upepo wa matairi ya trela: soma ukutani mwa tairi kiwango cha juu, na kwa trela iliyojaa kaa hapo, ukipima tairi likiwa baridi. Tairi la trela lililolegea linajikunja kila mzunguko na joto lake linatoka kwenye tanki lako. Matairi ya nyuma ya pikapu, fuata safu ya mzigo kamili kwenye kibandiko cha mlangoni, usibaki na upepo wa gari tupu.

Uzito wa pua ya trela, yaani ule unaoikalia ndoano ya pikapu, watu wanaukisia tu. Kwa boti lenga asilimia 5 hadi 10 ya uzito wote, na ukikaribia 10 ni salama zaidi. Kwa kilo 1,600 hiyo ni 80 hadi 160. Nenda kwa muuza chuma chakavu yeyote mwenye mizani ya jukwaa, weka trela kwenye sakafu sawa, egemeza kichwa cha pua, si kigurudumu chake, juu ya mizani, soma. Ikiwa nyepesi, trela itatikisa mkia ukipitwa na lori. Ikiwa nzito mno, pua ya pikapu inainuka na magurudumu ya mbele yanapoteza mshiko. Rekebisha kwa kusogeza nguzo ya winchi na boti yenyewe. Nanga na sanduku la barafu navyo unaweza kuvihamisha.

Kingine: fungua plagi ya kumwaga maji kabla ya kuondoka. Lita 100 za maji tumboni mwa boti ni kilo 100 unazozitembeza bure mpaka Mtwapa. Tanki la petroli la boti lenye lita 200 ni karibu kilo 150, kwa hivyo lijaze ukifika. Kivuli cha turubai kikunjwe, fimbo za kuvulia zilazwe. Turubai linalopigapiga na upepo linavuta kuliko boti iliyo wazi.

#12 Mbishi_wa_Sabaki

Dada, hayo ya plagi nayachukua. Lakini trela isiyo na breki kabisa je? Nyingi hapa ndizo hizo.

#13 Binti_Mambrui

Pikapu nyingi za sasa, Ranger na Hilux zikiwemo, zimepangiwa kilo 750 tu kwa trela isiyo na breki. Kilo 3,500 mnazozisikia kwenye matangazo ni za trela yenye breki zake. Ya kilo 1,600 bila breki haimo kwenye kitabu, modi iwake isiwake.

#14 Kusi_na_Kaskazi

Yetu inazo, nitaipima kwa jeki. Sasa nataka kupima mafuta kwa haki ili ubishi uishe kati ya madereva hawa wawili. Nipange vipi?

#15 Mwalimu_wa_Ganda

Namba ya dashibodi usiiamini kwa kulinganisha vitu vinavyokaribiana. Ni makisio ya kompyuta. Pima kwa tanki. Kituo kilekile, pampu ileile, gari limeegeshwa upande uleule, jaza mpaka bomba likate mara ya kwanza, basi. Usimwache muuzaji aongeze ili kufikisha shilingi kamili. Hicho ndicho kinachoharibu vipimo vingi. Povu la dizeli linaweza kukudanganya lita nzima, na ukiwa umetumia lita 30, lita moja ni zaidi ya asilimia 3. Kwa hivyo tofauti ya asilimia 3 au 4 usiitangaze kuwa ushindi wa mtu.

Upepo utauondoa kwa kupima mzunguko mzima, Malindi–Mtwapa–Malindi, kwa modi moja, kisha mzunguko mwingine kwa modi nyingine, ndani ya msimu uleule, saa zilezile za kuondoka, dereva yuleyule, trela ileile. Halafu rudia kwa kugeuza mpangilio. Ukipima kwenda na kurudi kando kando, usichukue wastani wa kilomita kwa lita. Mfano: kilomita 120 kwa 9, kisha 120 kwa 6. Si 7.5. Lita ni 13.3 na 20, jumla 33.3 kwa kilomita 240, yaani 7.2.

Kama matairi yamebadilishwa saizi, kilomita zako si kilomita. Kutoka 265/65R17 kwenda 265/70R17 tairi limekua asilimia 3.4, na mita inahesabu pungufu kiasi hicho; utadhani gari limeanza kula zaidi. Na kama ekzosi ina chujio la masizi, litakapojichoma lenyewe njiani, injini inanyunyiza dizeli ya ziada kulipasha moto. Mzunguko ulioangukiwa na hilo utupe.

#16 Chumvi_Gongoni

Swali dogo la mchangani. Kutoa boti ufukweni hapa Malindi, modi ya kuvuta inasaidia?

#17 Binti_Mambrui

Hapana. Weka 4L (magurudumu yote manne, gia nzito), upepo wa matairi ya pikapu shusha hadi PSI 18 au 20, zima kizuia-kuteleza maana kinakata nguvu gurudumu likizunguka kidogo, uvute polepole bila kusimama katikati. Matairi yasipochimba, umetoka. Kabla hujaingia lami jaza upepo. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya gari inatosha, haihitaji gereji. Kisha maji yasiyo na chumvi kwenye habu, breki na chemchemi za trela.

#18 Kusi_na_Kaskazi

Shukran sana. La mwisho kwa Fundi: modi inaweza kuwashwa gari likiwa mbioni, au lazima kusimama? Na nitajuaje giaboksi imeanza kuteseka kabla haijaharibika?

#19 FundiGia_Shela

Washa hata ukiwa 80, haidhuru. Legeza mguu kidogo ili gia ikishuka usisikie mshtuko. Tazama dashibodi kama alama imetokea. Kuna magari ambayo ukizima injini na kuwasha tena yanarudi modi ya kawaida, kwa hivyo baada ya kusimama kununua korosho Kilifi hakikisha upya.

Joto la mafuta ya giaboksi ndilo la kufuatilia. Nunua kile kifaa cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD chini ya dashibodi kinachounganishwa na simu kwa bluetooth, tafuta programu inayosoma joto la giaboksi ya gari lako. Nyuzi 80 hadi 95 za Selsiasi ni kawaida. 100 hadi 110 ukipanda na mzigo, bado vumilia. Ikielekea 120, mafuta yanaanza kuzeeka haraka: punguza mwendo, shusha gia moja, zima AC. Isiposhuka, simama, weka P, lakini injini usizime. Ikanyage kidogo ifike 1,200 ili pampu iendelee kusukuma mafuta yapite kwenye kipoza. Anayezima injini hapo anayaacha mafuta ya moto yamekaa juu ya klachi.

Jaribu hili ukiwa na kifaa hicho: kipande kilekile cha mwinuko, mara moja umezima modi, mara moja umewasha, utazame joto na jinsi RPM inavyocheza. Ikicheza juu na chini kwa 200 au 300 bila mguu wako kusogea, konveta imefunguka. Dereva wako aone hilo kwa macho yake, atakuelewa kuliko maneno yangu.

Kwa gari linalovuta kila mara, kitabu kina safu ya matumizi mazito, fuata hiyo kwa mafuta ya giaboksi na chujio lake, si ile ya gari la kupeleka watoto shule. Mafuta mapya huwa angavu. Yakiwa kahawia na yananuka kuungua, klachi za ndani zimeshaanza kuliwa. Na ukibadilisha, giaboksi nyingi za sasa hazina kijiti cha kupimia: kiwango kinapimwa kwa plagi ya ubavuni, injini ikiwa inazunguka, mafuta yakiwa kwenye joto lililoandikwa kwenye kitabu. Anayejaza kwa makisio injini ikiwa imezimwa, mpokonye spana.